Gurudumu la Kushoto Siku ya Harusi ya Nelima

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, Nalianya alikuwa na suti mpya, gari lililofungwa riboni za zambarau, na gurudumu la mbele kushoto lililosaga kama linatafuna mawe. Si kila mara. Lilisaga, likanyamaza, likasaga tena lilipotaka. Saa tano alitakiwa awe kanisani Kisumu Ndogo, kule Kibera, akimshusha bintiye Nelima aolewe na Ouma. Kamati ya harusi ilikuwa imempa gari la kukodi, jeupe, lenye hewa baridi. Akalikataa mbele ya watu wote akijipiga kifua: aliyeendesha trela kutoka Mombasa hadi Lubumbashi miaka kumi na tisa atashindwa kumpeleka mtoto wake Kibera? Kwa hiyo aliposikia ule mlio hakwenda kwa fundi. Fundi angesema, na kamati ingesikia. Akaja hapo hapo mtaani kwake Kawangware, kwenye benchi ya Adhis, muuza kahawa ya tangawizi, ambako Khamala, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani, na Githinji, aitwaye Waziri kwa sababu ya tumbo, hawajawahi kukosa jibu. Sheria ya benchi hiyo ni moja: ukiinuka, umepoteza nafasi.

Majaribio yalikuwa yamefanywa. Nalianya alilipitisha gari mbele ya benchi mara tatu, wenzake wakitega masikio bila kuinuka, na mara zote lilipita kimya kama mtoto wa Sunday school. Alipokata kona peke yake, krrr! Akarudi jasho likimtoka, akabana tako moja kwenye nafasi iliyobaki. Benchi ikainama. Waziri akapeleka mkono chini, akazungusha kitu mara mbili, benchi ikakaa sawa.

— Iga tena huo mlio, alisema Profesa.

— Krrr. Halafu kimya. Halafu krrr-krrr.

— Hiyo ni beringi. Beringi ikizeeka inakoroma.

— Wacha! alimkata Waziri. Beringi haipumziki. Hiyo ni pedi za breki.

— Fundi alinibadilishia mwezi uliopita.

— Ndiyo maana! Pedi na diski ndio wameoana juzi, lazima wagombane kwanza.

— Waziri, tafadhali, usiniharibie siku, alisema Nalianya.

Profesa akavua miwani, ishara kwamba nadharia kubwa inakuja.

— Inalia ukielekea wapi?

— Nikikata kulia. Ile kona ya kwenda Kibera.

— Na ukirudi huku?

— Kimya.

— Manze, hiyo si ubovu! Hiyo gari imejua. Imekaa kwa Mbukusu miaka kumi na nne, leo inaambiwa ipeleke mtoto kwa Wajaluo. Imekataa!

Adhis, mzaliwa wa Homa Bay, akasimamisha birika hewani.

— Profesa, hiyo kahawa imepikwa na nani?

— Na Mjaluo.

— Imekataa kushuka kooni?

— Hapana, mama. Niongezee.

— Mimi nasema ni panya, alisema Waziri.

— Panya kwa gurudumu?

— Panya wa Kawangware analala popote penye joto. Gari ikikata kona, anateleza, anashika diski na kucha. Krrr!

— Na hapa mbele mbona ananyamaza?

— Ameniona.

Nalianya alicheka, kisha akaangalia saa. Miaka ile ya trela, huko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, aliwahi kufungua nusu ya injini akitafuta mlio ambao mwishowe ulikuwa wa kijiko ndani ya sufuria yake mwenyewe. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

— Ngoja, ngoja! Profesa alikuwa karibu kuinuka, akakumbuka sheria. Si hii ndiyo gari ilimpeleka Nelima shule ya bweni, form one?

— Ndiyo hii.

— Na sanduku la bluu kwa keria?

— La bluu.

— Basi haisagi, wazee. Inalia!

Waziri akapiga paja, Adhis akasema «uwi!», na Nalianya akageuka kulitazama gari. Wote wakawa wanasema kwa pamoja, nusu mtaa ukisikia, wakati sauti ya kike ilipopita juu yao.

— Baba! Nimewasikia kutoka kwa nyumba.

Alikuwa Nelima, ambaye hajawahi kufika benchini hapo maishani mwake. Gauni jeupe limekunjwa hadi magotini, ndala miguuni, rola kichwani.

— Mmetoa gurudumu mkaangalia?



— Tulikuwa bado kwa kufikiria, alisema Waziri.

— Sawa. Jeki iko wapi?

Profesa akaangalia ndani ya kikombe. Waziri akaangalia viatu. Mvua za Aprili ziliozesha mguu mmoja wa benchi, na Nalianya mwenyewe ndiye aliyeleta jeki ya gari akaisimamisha hapo chini, iwe ya siku mbili tu. Ilikuwa sasa miezi mitano.

— Baba?

— Tumeikalia, alisema Nalianya.

— Inukeni.

Kila mmoja alimngoja mwenzake. Nelima akashusha macho kwenye gauni lake, kisha akaanza kuinama aichomoe mwenyewe. Nalianya akaruka kama aliyekalia nyuki. Jeki ikaponyoka, benchi ikalala, na Profesa na Waziri wakajikuta mavumbini na kahawa mapajani, huku Adhis akicheka hadi akashika ukuta.

Dakika kumi baadaye gurudumu lilikuwa chini. Kati ya diski na lile bati la nyuma yake palikuwa na kokoto moja, kubwa kama harage. Nalianya akaisukuma kwa bisibisi, ikaanguka mkononi mwa Nelima.

— Panya wako huyo, Profesa alimwambia Waziri.

Saa nne na nusu waliondoka, jeki ndani ya buti, wazee wawili nyuma yao kwa boda boda na vumbi matakoni. Kwenye ile kona ya kulia gari lilikata kimya kabisa. Nelima alikuwa ameishika kokoto pamoja na maua.

— Baba, mbona umenyamaza hivyo?

— Nasikiliza gurudumu.

Nelima alimtazama kidogo, kisha akageukia dirisha, ili baba yake asikilize vizuri.