Aliyeniita Bila Kutaja Mstari

Bwana apewe sifa zake, watu wa Mungu! Apewe tena! Mnanijua, mimi ni Baba Sharon, nafanya kazi kiwandani kule majani ya chai yanakonyaushwa. Leo nimesimama na daftari badala ya Biblia. Msinicheke, mtaelewa.

Ndugu zangu, nilipanga kuendesha baiskeli kutoka hapa Kericho mpaka Mombasa. Siku tisa! Wazo lilikuwa la rafiki yangu Kipng'eno, fundi wa baiskeli pale Sosiot. Miaka miwili tulikaa dukani kwake tukichora barabara, tukibishana tulale Naivasha au tusukume mpaka Limuru. Mimi Mkisii, yeye Mkipsigis, na ulimi wake ulikataa kabisa kusema b. "Papa Sharon," aliniambia, "tukifika paharini tutaosha paiskeli na maji ya chumvi!" Fundi mzima, na chumvi inaleta kutu! Nilimcheka mpaka machozi.

Kisha kifua kikamshika, akafariki kabla hatujaondoka.

Hapa ndipo nilipokosea. Siku ya mazishi, watu wakiimba, niliinama kaburini nikasema, "Tutaenda tu, sisi wawili." Ndugu zangu, huu mdomo wangu! Nilimwalika marehemu safarini.

Tangu siku ile mpango ukaanza kunitisha. Nilifunga vikombe viwili. Nikatoa kimoja. Kesho yake nikafungua mfuko, nikakuta viwili. Niliandika "nitalala Nakuru", nikirudi kusoma nakuta "tutalala Nakuru", na mwandiko ni wangu. Na nyumbani nikawa mwongo. Nilimwambia mke wangu naenda Nyamira kumsaidia kaka kujenga ua, kwa sababu nilijua angenikataza. Nilipanga tubu ya akiba, pampu na gundi. Sikupanga mtu wa kunitafuta nikipotea.

Alhamisi kabla ya kuondoka, nilitoka kazini saa nane mchana, nikapakia mizigo yote nijaribu baiskeli kwenye barabara za shamba. Ukungu ukashuka ghafla, mnaujua ule wetu, nikawa sioni hata gurudumu la mbele.

Mliochuma chai mnajua, na mimi nilichuma miaka sita. Ukungu ukishuka tunaitana. Anayeita anataja jina lako na mstari wake wa michai, na wewe unajibu kwa mstari wako, ndio mtu asiachwe. Ukiitwa unajibu tu, hufikirii.

Nikasikia, "Papa Sharon!"

Nikajibu! "Niko barabarani, juu ya mstari wa ishirini!" Mdomo ulifunguka kabla ya akili. Ndugu zangu, nilijua ni sauti ya nani, lakini miguu haikuacha kukanyaga pedali.

"Papa Sharon!" Sasa ilikuwa mbele kidogo. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ya furaha, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Nikasikia na mnyororo ukizunguka, laini kabisa, mnyororo uliopakwa mafuta na mtu anayejua kazi. Barabara ikaanza kuteremka. Nikashika breki, baiskeli ikateleza kwenye nyasi na ule mzigo wote, haikusimama.

Nikapiga kelele, "Uko mstari wa ngapi?"

Ikaita tu, "Papa Sharon!"

Nikauliza tena. Jina langu tu. Hakuwa na mstari! Mtu aliye hai ana mahali amesimama, ndugu zangu!

Nikalia, "Yesu, niitie watu!" Sikuwa na sala nyingine. Na papo hapo, nyuma yangu, nikasikia akina mama: "Mstari wa nane!" "Wa tisa!" "Wa kumi na moja!" Na sauti moja ninayoijua kuliko zote: "Baba Sharon, mimi niko wa kumi na mbili! Wewe unaenda wapi?" Mke wangu alikuwa anachuma upande ule, na alikuwa amesikia jibu langu. Nikajitupa chini pamoja na baiskeli.

Ukungu ulipoinuka, gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia juu ya bwawa la shamba. Akina mama wakaja, nao ni mashahidi, wengine wako hapa. Alama za tairi zangu ziliishia pale nilipoanguka. Kando yake kulikuwa na alama zingine, nyembamba, za baiskeli isiyo na mzigo. Hizo ziliingia majini.

Mke wangu aliziangalia, akaangalia mifuko yangu, kisha akauliza, "Nyamira iko upande huu?"

Nilimwambia yote nikilia. Kesho yake mchana tulienda kaburini pamoja na mchungaji, nikasema, "Kipng'eno, rafiki yangu, pumzika. Mimi naenda na walio hai." Nilimpenda sana yule mtu, na hata sasa inaniuma. Lakini tangu hapo kikombe ni kimoja.

Ndugu zangu, Jumatatu naondoka. Daftari ni hili. Kila kituo kina jina la ndugu atakayenipokea na saa ya mke wangu kunipigia simu. Wewe uliye hapa, unaitwa na kitu ambacho nyumbani hawakijui, kiulize kiko mstari gani! Mwamini Yesu. Mimi aliniokoa kwa sauti za watu ninaowajua, na namshukuru.

Na nikinyamaza huko njiani, msingoje. Niiteni. Mama Sharon, wewe hapo nyuma, uko mstari wa ngapi?

"Kumi na mbili!"

Mmesikia? Basi nitarudi. Amina!