Umeme Ulikatika Nikipakia Toleo

Bwana asifiwe! Na mara ya pili, maana mimi kila kitu nakihesabu mara mbili: Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, wengi mnanijua kwa viatu vya mtumba pale sokoni. Mnajua kwamba mtu akinitajia bei nzuri nakataa kwanza, halafu ndiyo nafikiri. Msilolijua ni kazi yangu nyingine. Nimo katika kundi la watu wanaotunza maktaba ya kuchorea. Siyo jengo la vitabu. Ni furushi la programu. Ukiliweka kwenye kompyuta, kompyuta inaweza kuchora mistari, duara, grafu na ramani. Ni huria: mtu analichukua bure, analifungua, anarekebisha panapomkera. Wenzangu wametawanyika huko duniani, wengi sijawahi kuwaona sura. Mimi nimepewa kuandaa kila toleo jipya kabla halijatoka, na kuandika mwongozo wa mtumiaji.

Na niliringa, ndugu zangu! Nilikuwa na orodha ya kukagua. Nakagua yote mpaka mwisho, narudi mwanzo, nakagua tena. Wenzangu wakiniandikia kwamba hawana wasiwasi na toleo nililolishika mimi, nilikuwa nasoma ujumbe huo mara mbili pia.

Basi tulifika toleo jipya. Mwongozo, pamoja na nakala ya toleo lenyewe, nikamtumia Mwalimu Consolata wa Namtumbo, mama anayefundisha jiografia sekondari. Yeye ndiye mtumiaji wetu pekee ninayemfahamu kwa uso. Kwa miaka miwili alikuwa akichora kwa maktaba yetu ramani na michoro ya kufundishia, kwa sababu vitabu shuleni kwake havitoshi: michoro arobaini na mitatu. Nilimtumia kwa heshima tu, nikitegemea sifa. Sikusubiri jibu lake.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nikiwa nyumbani Mjimwema, nikaanza kulipakia toleo mtandaoni ili dunia nzima ilichukue. Lilipofika katikati, umeme ukakatika! Mtandao ukazimika, toleo halikuingia. Ndugu zangu, nilinung'unika. Nilimuuliza Mungu kama hakuona saa nyingine ya kukata umeme.

Nikiwa bado nanung'unika, simu ikaita. Mwalimu.

“Shikamoo mwalimu!”

“Kaa nayo kwanza hiyo shikamoo. Michoro yangu iko wapi?”

“Ipi, mwalimu?”

“Yote! Nimefuata mwongozo wako. Hatua ya tano umesema nifute vya zamani, nimefuta. Sasa folda yangu ni tupu kama sahani ya mgonjwa aliyepona.”

Ile amri ya kufuta haiulizi mara mbili. “Mwalimu, hukuingia kwanza kwenye folda ya toleo la zamani?”

“Imeandikwa wapi?”

Nikatazama. Nikatazama tena. Haikuandikwa popote! Mimi kwenye kompyuta yangu huwa naingia kwenye folda ile bila hata kufikiri, vidole vinajipeleka vyenyewe. Nilikagua mara mbili, kweli, lakini mara zote mbili nilisoma kilichomo kichwani mwangu, siyo kilichomo kwenye karatasi. Yeye alikuwa amesimama kwenye folda ya michoro yake, na hapo hapo ndipo amri ilipofutia.

“Kompyuta iko wapi sasa?” nikauliza.

“Nimeizima. Niliogopa isije ikala na kompyuta yenyewe.”

Bwana asifiwe! Kilichofutwa huwa hakiondoki mara moja. Kinaondoka pale kitu kingine kinapoandikwa juu yake. Woga wa yule mama ndio ulioziba mlango. Nikapanda basi la Tunduru nishuke Namtumbo, na njia nzima nilikuwa na Mungu kwenye mazungumzo. Nilianza kwa kusema, Bwana, rudisha nusu, nitashukuru. Tukapita kijiji kimoja, nikaona nimekosea mahesabu: mnunuzi ndiye anayeanza chini, mwombaji aanze juu. Nikasema, Bwana, yote arobaini na mitatu!

Nikafika. Mwalimu hakunipa hata maji. Nikaanzisha programu ya kuokoa faili, niliyokuja nayo kwenye flashi, na michoro ikaanza kurudi mmoja mmoja, mwalimu akiitaja majina kama anaita mahudhurio. Nikahesabu: arobaini na mmoja. Nikahesabu tena: arobaini na mmoja. Machozi yalinitoka, lakini mdomo wa sokoni ukasema, “Bado miwili.”

“Wewe!” akasema mwalimu. “Hata kwa Mungu unadai chenji?”

Kisha akanikalisha mbele ya kompyuta nyingine ya jirani yake, ambayo haijawahi kuwekwa maktaba yetu. Akashika mwongozo, akawa ananisomea. “Usifanye unachokijua. Fanya ulichokiandika.” Ndugu zangu, nilikwama hatua ya pili! Mimi niliyeuandika! Mikono ikabaki hewani. Tulikuta mapengo kumi na moja. Tulipohesabu upya yakawa kumi na mawili. Tuliyaziba yote pale mezani, na ile michoro miwili iliyopotea tukaichora upya kwa kufuata mwongozo uliorekebishwa, yeye akiandika, mimi nikiwa nimekatazwa kugusa.

Toleo lilitoka wiki iliyofuata. Mpaka leo nikiwaza naogopa. Ningelipakia Jumamosi ile, ni watu wangapi wangepoteza kazi zao? Siwajui, hawanijui, wasingekuwa na mtu wa kumpigia. Bwana aliwakinga kwa kuzima taa za Mjimwema, na mimi nikamnung'unikia!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwalimu Consolata, ambaye sasa hakuna toleo linalotoka kabla hajalipitia. Na wewe ndugu yangu unayeamini kazi yako haina kosa kwa sababu umeiangalia mwenyewe, mtumaini Bwana aone usipoona, kisha umpe jirani naye asome. Akikuuliza, “Imeandikwa wapi?”, usikasirike. Huyo ametumwa.