Mawe ya Kanini

Probox, gari letu la abiria, ilipotoka mjini Mwingi, mama aliyekaa mbele yangu alimwambia mzee mmoja muuza mbuzi kwamba binti yake Kanini amepata A kwenye mtihani wa kidato cha nne, na kwenye fomu ya chuo amejaza jiolojia.

"Mawe?" mzee akashtuka. "Na A yote hiyo? Si angekuwa daktari, mama!"

"Hata kanisa lilisema hivyo." Mama alicheka kama mtu aliyeshinda kesi. "Kanisa hilohilo limechimba kisima mara mbili kwa kiwanja chake, eti ardhi imeombewa. Vumbi tupu! Kanini akawaambia, chimbeni kwa mchanga wa mto, upande wa juu wa pale mwamba umekata mto, maji ya chini ya mchanga yanazuiliwa na hilo jiwe. Jumamosi wakachimba, maji yakatoka. Mzee, wazee wa kanisa walivua viatu wakacheza kwa matope!"

Ningepiga makofi, lakini nilikuwa nimepakata kuku wawili.

Mama akatoa chupa kwenye kiondo. "Ndiyo haya. Onja."

Mzee akanywa, akanywa tena. Tulipofika Migwani alishuka akisisitiza kwamba daktari ni daktari. Chupa aliirudisha tupu.