Norbert Asukulu, Aliyetoka Kabla ya Nyuzi Kupigwa

Padri wetu, wazee wa jumuiya, ndugu wa Fizi na Uvira, majirani zetu Warundi na Wanyarwanda, pamoja na ninyi wenyeji wa Dowa mliotupokea na kutuvumilia, mimi ni Jules Wilondja, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Norbert Asukulu, ambaye tunamlaza leo. Nawaomba uvumilivu, maana historia hii haitakwenda yote kama mlivyozoea, kuna mahali itapinda, na itapinda kwa amri ya marehemu mwenyewe, kwa hiyo mwenye kukasirika amkasirikie yeye, mimi ni msomaji tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mboko, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Wilondja, mkulima wa muhogo, na mama Annonciata, ambao wote wametutangulia. Alianza shule ya msingi hapo misioni mwaka 1973, akaimaliza mwaka 1979, kisha akapelekwa Uvira kwa masomo ya sekondari, ambayo aliyaacha mwaka 1984, na tusidanganyane mbele ya jeneza, aliyaacha kwa sababu hesabu zilimshinda. Kilichomshika misioni hakikuwa daftari, kilikuwa fanfari ya parokia, bendi ya vyombo vya kupuliza, ambamo mwalimu Aristote alimkabidhi tuba, kile chombo kikubwa cha sauti nzito, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na kifua cha kuijaza. Wenzake walikimbilia tarumbeta, maana tarumbeta ndiyo iliyokuwa ikitazamwa na wasichana, naye alinung'unika juma zima, halafu hakuiachia besi hiyo tena maisha yake yote.

Hapa sharti nieleze jambo moja kwa wageni wetu, maana bila hilo hawataelewa yaliyofuata. Kwa desturi ya fanfari yetu tangu Mboko, tarumbeta na ngoma ni sauti za furaha, siku ya msiba zinawekwa chini, zinabaki tromboni na tuba tu, tunazoziita besi, na besi zikilia peke yake maana yake ni moja, kuna mtu amefariki. Anayesikia anasimama, mwanamume anavua kofia, mkuu wa fanfari anatoka wa kwanza na wote wanamfuata, bila kuuliza ni nani amekufa, kwa sababu kwetu kuuliza ni njiani, na anayeuliza akiwa bado amekaa anahesabiwa kuwa mvivu wa misiba. Kupiga besi peke yake pasipo maiti ni mwiko, tunasema ni kuita kifo nyumbani. Marehemu aliishika desturi hiyo Mboko, Nyarugusu na hapa Dzaleka, akatangulia mbele ya wafu wa kila kabila, hata wale ambao wakati wa uhai wao walikuwa wakilalamika kwamba fanfari inawaamsha watoto.

Alijifunza ushonaji Uvira kuanzia mwaka 1985, na tarehe 17 Agosti 1991 alifunga ndoa na Madeleine, aliye mbele yetu hapa, katika kanisa la Mboko, wakajaliwa watoto watatu, Divin aliyezaliwa mwaka 1993, Annuarite mwaka 1998, na Ketsia, kitinda mimba, tarehe 9 Mei 2003. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa hadi Kigoma, wakaishi kambi ya Nyarugusu, ambako mabinti wote wawili walizaliwa, na mwaka 2009 wakafika Malawi, katika kambi hii ya Dzaleka. Hapa marehemu alifungua kibanda cha cherehani, akawa anashona sare za shule na kuziuza mpaka soko la Madisi, na mwaka uliofuata alianzisha fanfari hii mnayoiona, kwa vyombo vya msaada vilivyofika vimebonyea kama sufuria za harusi. Alivinyoosha kimoja kimoja kwa ubao na nyundo ya mpira, na aliyechelewa mazoezi alikemewa mpaka mama yake alisikia huko aliko.

Ketsia alikua ndani ya fanfari hiyo, akipiga tromboni nyuma ya baba yake, tukimwita mkia wa Norbert, maana baba akienda msibani naye yuko, baba akila nsima naye yuko. Mwaka 2021 alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya muziki ya chuo kikuu kimoja huko Lilongwe, na siku ile marehemu alizunguka kambi nzima juu ya kabaza akitangaza, mpaka mwendesha baiskeli akachoka akamshusha. Furaha ilipungua binti aliporudi likizo na kueleza kwamba walimu wamempa chombo kingine, selo, kile cha nyuzi kinachosimamishwa kati ya magoti na kukwaruzwa kwa upinde. Kaka yangu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mi nilikutuma université, we unaniletea musumeno," na tangu hapo selo ikaitwa musumeno katika nyumba ile, yeye akicheka na binti akicheka kidogo.

Mwaka 2024 shule hiyo iliandaa tamasha la vyombo vya nyuzi na besi za shaba, na Ketsia alipewa nafasi ya kupiga selo mbele ya wenzake, akaja mwenyewe Dzaleka kumwita baba yake. Alimwambia, "Papa, kuya usikie tu, kama utaichukia utaniambia." Alimweleza pia kwamba kutakuwa na besi, na marehemu akaelewa besi pamoja na tarumbeta, kama mtu yeyote wa fanfari angeelewa, wala binti, aliyekwisha kuzoea mambo ya chuo, hakuona kuna la kuongeza. Kaka yangu alijishonea suti ya kijivu kwa ajili ya siku ile, tukaomba ruhusa ya kutoka kambini, tukakodi gari, na Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, alasiri, fanfari nzima pamoja na kina mama wa jumuiya tulikaa safu tatu za mbele, tukiwa tumejipaka mafuta tunang'aa.

Wapiga nyuzi walikuwa wamekwisha kukaa upande wa kulia wa jukwaa wakisubiri zamu yao, Ketsia akiwa mbele kabisa na selo yake, na upande wa kushoto waliingia vijana wenye tromboni na tuba, bila tarumbeta, bila ngoma, wakaanza kupiga wimbo wa polepole. Marehemu alisimama, akavua kofia, akatoka, na sisi sote tukamfuata, kina mama wakianza kulia, maana tulijua kuna mtu amefariki na tulijua kwamba kuuliza ni njiani. Watu wa mjini walitugeukia wakishangaa, na vijana wale, Mungu awabariki, waliendelea kupiga hivyo hivyo.

Hadi hapo, ndugu zangu, hakuna kosa la mtu, miguu ya kaka yangu ilifanya ilichofanya tangu utoto. Lakini pale mlangoni alisimama dada mmoja mkaribishaji, Mmalawi mwenye heshima, akatuambia, "Pepani bambo, palibe maliro," yaani samahani baba, hakuna msiba, akatuonyesha kwa mkono kwamba tunaweza kurudi wimbo ukiisha. Marehemu alielewa, sote tulielewa, na shemeji Madeleine akamshika mkono wa koti akamwambia, "Norbert, turudie, mutoto iko anatungojea." Yeye aliona aibu kurudi mbele ya macho yale, akavaa kofia akasema, "Twende," tukapanda gari tukaondoka, na Ketsia akapiga selo yake mbele ya safu tatu za viti vitupu.

Aliporudi kambini angeweza kunyamaza, lakini mnamfahamu, alipokuwa na aibu alipandisha sauti. Alisema kwamba chuo kile kinachezea kifo, kwamba binti yake amefundishwa kukaa kimya wakati kifo kinaitwa, na maneno yakatoka kibandani mwake yakaenda sokoni, yakaenda kisimani, yakarudi yamenenepa. Ketsia alikuja nyumbani Krismasi, akaja Pasaka, akapika, akafua, wakazungumza habari za mvua na bei ya mahindi, na habari ya tamasha haikuguswa, wala neno musumeno halikutamkwa tena. Nyumba ile ilikuwa na adabu nyingi mwaka ule, na adabu ile ilituumiza kuliko ugomvi.

Ugonjwa ulianza kuonekana mwezi Aprili 2025, miguu ikivimba na pumzi ikimkatikia katikati ya wimbo, akatibiwa zahanati ya hapa kambini, kisha hospitali ya wilaya ya Dowa, na mwezi Julai akahamishiwa hospitali kuu ya Lilongwe. Madaktari walitueleza kwamba moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka mingi, na hapo ndipo marehemu alipotufungulia siri, kwamba aliambiwa hivyo tangu Nyarugusu mwaka 2004, akaficha, kwa hofu kwamba mpiga besi mwenye moyo mgonjwa angenyang'anywa besi. Tulitaka kumwita Ketsia, aliyekuwa Mzuzu, mbali kaskazini, kwa mazoezi ya kufundisha, naye akakataa, akisema kwamba Oktoba kuna tamasha jingine, atapona, atakwenda, atakaa kiti cha mbele mpaka mwisho, na kwamba, "Musamaha ya mudomo ni rahisi, mi nataka anione nimekaa." Tulimtii, na kwa kumtii tulimnyima binti siku za mwisho za baba yake, jambo ambalo familia hii itajuta nalo kwa muda mrefu. Jumanne jioni tuliona hali imebadilika, tukampigia simu, akapanda gari la kwanza alfajiri, na kaka yangu akakata roho asubuhi ya Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, gari likiwa bado njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati yetu, wa Dowa na wa Lilongwe, walioona kwamba dawa haimalizi kazi wakabaki kumshikilia mkono, inamshukuru jirani yetu mama Vénantie aliyeacha mtaji wake wa maharage sokoni ili alale hospitalini na shemeji yangu, inawashukuru mafundi wa cherehani waliofunga vibanda vyao siku mbili, inawashukuru wanafanfari, na walimu wa chuo cha Ketsia waliokuja leo ingawa wanajua tulivyowasema. Tunawaomba radhi, walimu, na karibuni, mle nasi chakula tutakachojaliwa.

Limebaki neno moja, na hapa ndipo historia inapopinda. Jumapili kabla ya kufa kwake marehemu aliwatoa watu wote nje ya wodi, akabaki na mimi, akasema, "We Jules, mi sitaki unipambe, bantu banapambwa sana siku ya kuzikwa, mpaka bibi ya muntu anauliza, ni nani huyu banazika." Kisha akanipa ujumbe akanirudisha kuusema mara kwa mara mpaka akaridhika kwamba nimeushika. Nikamwambia nitamfikishia Ketsia pembeni, kwa upole, akakataa kwa hasira yake ile ile, akasema alimwacha mtoto mbele ya watu, na ni mbele ya watu hao hao ataombwa msamaha.

Kwanza ni ninyi, na mnajijua, maana tangu Jumatano nimekaa kwenye mkeka na masikio yangu mawili, nimesikia mkinong'ona kwamba besi za chuo ndizo zilizomwita, na kwamba mtoto huyu amemzika baba yake kwa muziki. Marehemu anawajibu, "Hakuna muziki iliniita, moyo yangu ilikuwa mugonjwa kabla Ketsia hajajua kutembea vizuri, mwenye kusema ingine anasema uongo yangu mwenyewe, na mi naifuta." Kwa hiyo imefutwa, na atakayeinong'ona tena atakuwa ameinong'ona dhidi ya marehemu.

Pili ni wewe Ketsia, simama, mwanangu, usiogope. Tangu tamasha lile tumekutuliza tukikwambia baba yako hakukuona, kwamba alitoka akitazama chini kama mtu wa msibani, na labda umelala na faraja hiyo. Baba yako hataki uishi nayo, maneno yake ni haya, "Mulango ilikuwa wazi, nikageuka, nilikuona. Ulikuwa umeshika ile selo, unaniangalia mi tu, haukuwa unaangalia muntu mwingine. Nilijua hakuna kifo, nilijua ni mutoto yangu, na nikavaa kofia. Unisamehe, Ketsia. Nilikuona."

Nimesoma kama ulivyoniagiza, kaka, sikuongeza na sikupunguza. Amani ya Mungu ikupokee, Norbert, pumzika.