Ndege ya Kutoka Kitwe

Nilikuwa nageuza vitumbua kwenye mafuta, mkono mwingine ukipepea makaa, pale Beya alipoongeza sauti ya redio yake na kusema, "Munyamaze, Serikali inasema." Benchi letu ni ubao wa kitanda cha zamani juu ya matofali, mbele ya nyumba yangu hapa Dilala, mtaa wa mji wa migodi, na kila alasiri wanaume watatu hukaa juu yake kunywa kahawa yangu. Tata Ngeleka, mzee tunayemwita Gouverneur, yaani gavana, aliendesha kreni ya kampuni miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kama mtu aliye juu yake. Swedi tunamwita Transit: ana malori mawili yanayobeba chokaa ya migodi kutoka Zambia. Beya ni mtu wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, na jina lake la utani ni Décollage, kupaa kwa ndege, kwa sababu ya namna anavyoondoka. Redio ilisema nchi inatoka katika soko la pamoja kesho saa sita mchana, na kwamba wizara imetayarisha mpango ili safari za ndege zisivurugike. Niliposikia "kesho", kitumbua kimoja kikaungua.

— Mupango iko na pointi tatu, Beya alisema, sikio lake bado kwenye redio. Ya kwanza, mutu mwenye kusafiri afike ku aéroport masaa sita mbele. Ya pili, ndege yenye itakuwa mu hewa saa sita juste, inaruhusiwa kumaliza safari yake. Ya tatu, bale benye watakwama, batalala mu masomo, ku madarasa.

— Na batoto ba masomo batasomea wapi? Swedi aliuliza.

— Hiyo njo pointi ya ine. Hawajaiandika.

Gouverneur aliweka kikombe chini.

— Mi nauliza kitu moja. Ndege iko mu hewa saa sita juste. Kichwa imeshatoka mu soko, mukia ingali ndani. Sasa?

— Kichwa inalipa douane, Swedi alisema. Mukia inapita bure.

— Munacheka, lakini mutaona, Beya alisema. Bataweka roulage, polisi wa barabara, lakini wa hewa. Atasimama kule juu na filimbi, anasimamisha ndege na mukono, sawa vile banatusimamisha sie ku rond-point. "Karatasi!" Na ndege haina frein ya kusimama mu mawingu.

— Mwenye kupanda ngazi atashuka, Gouverneur alisema.

— Tata, ile mezali haihusu ndege.

— Ndege inapandiwa na nini? Si na ngazi?

Hapo wote watatu walinigeukia, kwa sababu walikumbuka kwa wakati mmoja.

— Mama Tshibola, Beya alisema. Mutoto si anafika kesho?

— Kesho, nilisema.

— Na ndege?

— Na ndege.

Nieleze uongo wangu. Mwaka jana mtoto wa Mama Kanku alirudi kwa ndege, na wamama wote wa kikundi chetu cha watu wa Kasai walikwenda uwanjani kumpokea, wamevaa kitambaa kimoja, wakiimba. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Basi waliponiuliza Tshibola wangu atarudi kwa njia gani, baada ya miaka miwili ya kusuka watu nywele kule Kitwe, mdomo wangu ulisema ndege. Haukuniuliza. Wiki iliyofuata wamama walikuwa wameshanunua kitambaa na kushona.

Ukweli ni kwamba Tshibola alikuwa ndani ya lori la chokaa. Asubuhi ile aliniandikia: "Mama, siku ya tatu mu mustari, upande wa Zambia. Simu inazima. Nitangojea na gari, tutavuka keshokutwa." Alikuwa anasafiri kwa karatasi ya soko la pamoja, ukurasa mmoja wenye muhuri, kwa sababu pasipoti hana. Kesho saa sita karatasi ile ingekuwa ya kufungia vitumbua. Mpango wa Serikali ulikuwa na pointi tatu za ndege. Za mtu aliyeketi juu ya mifuko ya chokaa haukuwa na hata moja.

Na Swedi, anayejua kila dereva wa mstari ule, alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Simu yake moja ingetosha. Lakini ili nimwombe, ilibidi kwanza niseme ukweli.

— Labda watazuia ndege yake, nilisema. Labda hatafika kesho.

Nilijisikia nikisema hivyo, na nikajisikia nikipata nafuu. Redio ilikuwa imenipa uongo mwingine, tayari umeiva.

— Usiseme vile, mama! Beya aliruka. Wakimukatalia ku aéroport, kuko barabara ya Mutoshi. Ndefu, sawasawa. Tunawasha moto huku na huku, rubani anaona. Mi na batu ba taxi-moto tunafika, tunabeba abiria batatu-batatu. Tshibola mi mwenyewe nitamubeba, polepole.

— Wewe, polepole? Swedi alisema.

— Kwa ajili ya mama, polepole.

— Moto haifai, Gouverneur alisema. Upepo wa kule utatupa ndege mu shimo ya mugodi. Kuku mugeni hakosi kamba ku muguu. Munipe kreni, munipe kamba ya chuma. Ndege ikipita chini kidogo, mi naikamata ku muguu na kuishusha, taratibu. Miaka makumi tatu sikuangusha hata pipa.

— Na maji ya kuzima moto? Swedi aliuliza, kwa uzito kama vile kazi inaanza usiku huo. Lori yangu moja inaweza kubeba mapipa.

Niliinama juu ya mafuta. Ilikuwa saa tisa. Mpaka hufungwa saa kumi na mbili. Watu hawa walikuwa wanamjengea mtoto wangu uwanja wa ndege, na mimi niliwaacha wajenge.

Hapo ndipo Nuru alipofika na chakula cha Swedi kwenye sahani iliyofunikwa. Ni mke wake mpya, amekulia Kasumbalesa, mpakani kabisa, na alikuwa na wiki mbili tu katika mtaa wetu.

— Jambo yenu. Ni ndege ya nani munashusha?

— Ya mutoto wa mama, Beya alisema. Anatoka Kitwe.

— Kitwe? Nuru alicheka, bila ubaya wowote. Lakini Kitwe ni pale nyuma ya mupaka. Sie tulikuwa tunaendaka kule kununua sabuni na kurudi mbele jua halijazama. Ndege ya kutoka Kitwe mpaka hapa inapitia wapi?

Gouverneur alitazama ndani ya kikombe chake. Beya alifuta kioo cha pikipiki ambacho kilikuwa safi.

— Nuru, Swedi alisema kwa sauti ya chini.

Alilisema jina lile kama mtu anayemziba mtoto mdomo kanisani, na mimi nikaelewa.

— Tangu lini? niliuliza.

— Kahawa ya leo ni nzuri, Gouverneur alisema.

— Tata Ngeleka. Tangu lini munajua?

— Tangu siku ya kwanza, mama. Kitwe, nani hapa hajui njia yake? Lakini mutu amevaa nguo yake, utamuvua mu barabara?

Nilitoa vitumbua vilivyobaki, nikaondoa sufuria motoni, nikasema yote: lori, karatasi, simu iliyozima, saa sita ya kesho. Nilisema nikiangalia mikono yangu. Swedi hakungoja nimalize.

— Gari ya rangi gani?

— Ya bluu. Ya chokaa.

— Mama, hii maneno ungesema tangu kahawa ya kwanza! Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alikuwa ameshaweka simu sikioni. — Dimitri? Uko mu mustari? Shuka, tembea nyuma, tafuta gari ya bluu ya chokaa, kuko mutoto mwanamuke anaitwa Tshibola. Mwambie mama yake anasema aache bitu yote, avuke na miguu sasa hivi. Sasa hivi, Dimitri.

Tulikaa. Hakuna aliyetoa wazo lingine la ndege. Nuru alishika ufito wangu wa vitumbua, akaniuliza kama aendelee kukaanga, nikamwambia ndiyo. Saa kumi na moja na nusu simu ya Swedi ililia. Alisikiliza, akasema, "Amevuka." Beya alishuka benchini, akazunguka pikipiki yake mara moja, akarudi kuketi.

Kabla ya giza nilikwenda kwa Mama Kanku kumwambia kwamba hakuna kwenda uwanjani. Kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi, kimetundikwa mlangoni.

— Sasa nitawaambia bamama nini? aliuliza.

— Waambie nilidanganya.

Akaniambia nisikanyage maji aliyomwaga mlangoni.

Tshibola alifika kesho yake jioni kwa basi la kutoka Lubumbashi, na mkoba wa mkononi tu. Vitu vyake vingine vilibaki kwenye lori, upande wa pili, na hakuna anayejua vitavuka lini. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa. Nilimpa maji ya moto, nikapika ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa ndakala, mume wangu Kabasele akaleta kiti cha tano kutoka chumbani.

Laure, mdogo wake Tshibola, ana miaka minane. Hata yeye nilikuwa nimemdanganya.

— Yaya Tshibola, ndege ilikuwa kubwa?

Tshibola aliniangalia. Miguu yake ilikuwa imevimba, na bado niliona anafungua mdomo kunisaidia.

— Hakukuwa na ndege, nilisema. Dada yako amekuja na lori, na miguu, na bisi. Mimi nilisema uongo. Nawa mikono.

Nilipakua. Kabasele, kijana wetu Nkongolo, Laure, Tshibola, na mimi. Nilihesabu tena, na tulikuwa watano.