Mistari Miwili ya Karanga: Maisha ya Marehemu Laurian Chilewa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Loyce, mtoto wa dada yake marehemu. Wasifu wa kwanza niliuandika juzi. Huu mlio nao mkononi ni wa pili, niliuandika upya jana jioni, na sababu mtaiona mbele.

Marehemu Laurian alizaliwa hapa Kintinku, mtoto wa tatu wa mzee Simeoni na mama Lea. Cheti cha ubatizo kinasema tarehe 3 Mei 1951. Kitambulisho kinasema 1 Julai 1953. Tulipomuuliza, alijibu kwamba vyote ni sahihi, akaenda kulisha kuku. Sisi tumefuata kanisa.

Alisoma Kintinku hadi darasa la nne, akamalizia la saba Manyoni mwaka 1967. Mama yangu anasema kaka yake alikuwa na akili darasani siku akitaka.

Mwaka 1972 alijifunza udereva wa trekta katika shamba la ushirika, na mwaka 1987 akanunua Massey Ferguson kuukuu, lile jekundu lililosimama pale nje. Wenzake walipalilia mashamba yote kwa upana uleule wa matairi. Mjomba alipima kwanza nafasi ya mistari ya mwenye shamba, kisha akapiga jeki, akafungua nati na kusogeza matairi ya nyuma, ndani au nje. Mtu anasubiri kazi, yeye yuko chini na spana. Wengine walichoka wakamkimbia. Waliovumilia hawakukanyagiwa mazao.

Tarehe 14 Januari 1978 alifunga ndoa na Severina, tunayemwita Mama Aneth. Asubuhi hiyo alipanua matairi ya trekta la ushirika ili bibi harusi apande tela bila kuyumba. Aligeuza rimu, lakini akasahau kuhamisha tairi la kulia kushoto na la kushoto kulia. Meno ya matairi yakatazama nyuma, na kwenye tope letu jeusi trekta likabaki linazunguka papo hapo. Mama Aneth alifika kanisani kwa miguu, viatu mkononi. Tangu hapo alimkumbusha kila mvua iliponyesha.

Bibi yetu Lea alizikwa Machi 1998 mwisho wa shamba hili, uwele ukiwa umesimama. Watu walikuja wengi, na kwa mapenzi yao yote wakaukanyaga uwele kutoka barabarani hadi kaburini. Mwaka ule nyumba hii ilikula chakula cha kuomba. Mjomba hakumlaumu mtu, maana mfiwa hawezi kuwafukuza waliokuja kumlilia mama yake.

Oktoba 2024 aliambiwa hospitalini Dodoma kwamba moyo wake umechoka. Desemba akaanza mambo ambayo hatukuyaelewa. Alipanda mistari miwili ya karanga katikati ya alizeti, kutoka barabarani hadi kaburi la bibi. Kisha akapanua matairi ya trekta mpaka yakalingana na ya tela, wakati mashamba ya watu yalikuwa bado yanasubiri kulimwa na matairi yalitakiwa kuwa ndani. Mwanawe Manase alitaka kuyarudisha.

"Yaache hivyo hivyo," mjomba alimwambia. "Mtayarudisha mkishamaliza kuvuna."

Manase alichukua ufunguo wa trekta, mzee asije akaumia, na matairi yakabaki yamepanuliwa. Sote tuliamini kichwa kimeanza kumchezea. Alifariki tarehe 9 Aprili 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Juzi nilimsomea Mama Aneth wasifu wa kwanza. Nilipofika penye maneno kwamba mwishoni alichanganyikiwa, akanisimamisha.

"Futa hapo. Mume wangu hakuchanganyikiwa. Andika kwamba hatukumwelewa."

Nikamuuliza, basi alikuwa anafanya nini? Akasema hata yeye hajui. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko marehemu.

Jana Gasto, mtani wa marehemu, alipeleka matofali kwenye kaburi la mjomba, kando ya la bibi, kwa lile trekta jekundu na tela lake. Alizeti imesongamana, akaingilia penye karanga. Matairi ya trekta yakapita nje ya mistari miwili, huku na huku. Tumbo la trekta likapita juu ya majani, na matairi ya tela yakafuata mumo humo. Hakuna mche hata mmoja uliolala. Gasto alizima injini, akanyamaza, na mtani akinyamaza msibani watu huogopa.

"Mzee kajitengenezea njia," akasema mwishowe.

Manase alikaa juu ya matofali akalia. Mimi pia nililia, kwa huzuni na kwa aibu. Mjomba hakutaka kifo chake kimwachie mkewe njaa.

Ameacha mjane, watoto wanne, Aneth, Manase, Rebeka na Gervas, wajukuu tisa, na dada yake ambaye ni mama yangu.

Sasa jeneza litapandishwa kwenye tela. Tunawaomba wote tulifuate ndani ya alama za matairi, mstari mmoja kulia, mwingine kushoto, na mtu asiingie katikati. Karanga hizo ni za Mama Aneth, na ziko karibu kung'olewa.

Lala kwa utulivu, mjomba. Matairi tutayarudisha tukishamaliza kuvuna.