Beryl Oldroyd, Aliyeshitakiwa kwa Njiwa wa Baba Yake

Dada yetu Beryl Oldroyd, wa ukoo wa Pickersgill, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika chumba cha mbele cha nyumba namba saba, Mtaa wa Collier, kijijini Hexley, Yorkshire. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Harold Pickersgill, mchimba makaa ya mawe, na marehemu mama Elsie. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake Royston, ndiye anayewasomea wasifu huu, na tangu siku hiyo Beryl hakuwa tena mtoto mzuri kuliko wote pale nyumbani. Yeye mwenyewe hakulikubali hilo hadi mwisho, lakini leo hana nafasi ya kujibu, basi libaki kama lilivyoandikwa.

Alianza shule ya msingi ya Hexley mwaka 1954, akaenda sekondari ya wasichana mwaka 1960, na kumaliza Julai 1964. Alikuwa hodari wa hesabu na upishi. Tatizo lake lilikuwa moja tu: ukimuuliza swali, alikujibu, na ukinyamaza aliendelea kujibu. Siku moja mkaguzi wa shule alimuuliza kwa heshima kama wanafunzi hapa wanachapwa. Beryl akasema ndiyo, akamshika mkono, akampeleka kumwonyesha kabati la fimbo, na njiani akamtajia nani huchapa kwa nguvu na nani hufanya kwa kutimiza wajibu. Mwalimu mkuu hakumpenda tena, lakini fimbo zilipungua, na wapo humu ndani wazee ambao makalio yao yanamshukuru hadi leo.

Baada ya shule alishona suti katika kiwanda cha mjini, kisha mwaka 1986 akaajiriwa kwa saa chache kwa siku katika jiko la shule ileile ya msingi aliyosoma. Watoto wa vizazi viwili wamekula mchuzi wake mzito. Anayedai kuna mwingine kijijini aliyeupika vizuri kuliko yeye, atuone nje baada ya mazishi.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Bwana Kenneth Battye, wakajaliwa watoto wawili, Janine mwaka 1979 na Craig mwaka 1984. Mwaka 1990 Bwana Battye alikwenda kutafuta kazi pwani, na inaonekana bado anaitafuta. Beryl alibaki na watoto, mshahara wake mdogo, na posho ambayo serikali humpa mzazi anayelea watoto peke yake. Aliipokea bila kuona haya, kwa sababu alikuwa peke yake kweli.

Baba Harold alipofariki mwaka 1993, alimwachia Beryl nyumba, na uani aliacha banda la njiwa wake wa mashindano. Hapo ndipo lilipoanzia jambo ambalo Beryl mwenyewe aliagiza lisemwe leo bila kufichwa, hivyo wenye haraka ya kwenda kula wavumilie.

Njiwa hao Baba Harold aliwafuga kwa ubia na rafiki yake, Wilfred Oldroyd, mgane aliyeishi mtaa wa pili. Baada ya mazishi Wilfred aliendelea kuja. Kila alfajiri alipita lango la nyuma kwa ufunguo wake, akafagia banda, akawalisha, akawarusha. Jioni alirudi, akawafungia, akaenda zake. Koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari wa jiko la Beryl, kwa sababu lilinuka na kwake hakulitaka. Jumapili alipewa sahani ya nyama ya kuokwa, akala amesimama uani akiangalia angani kama njiwa wanarudi. Na kwa kuwa klabu ya njiwa huandikisha mfugaji kwa anwani ya banda wala si ya kitanda chake, jina la Wilfred Oldroyd lilisomeka kwamba lipo namba saba, Mtaa wa Collier.

Hexley nzima ilijua hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Lakini vuli ya mwaka 1998 kuna mtu aliipigia simu ofisi ya misaada, akasema Beryl anaishi na mwanamume na huku anachukua posho ya mtu aliye peke yake. Mtu huyo hakujulikana. Beryl alitukataza kumtafuta, nasi tulitii, ingawa wengine tulitii shingo upande.

Wapelelezi wa ofisi walikaa ndani ya gari mwisho wa mtaa, asubuhi baada ya asubuhi. Kisha mmoja akabisha hodi. Beryl akamkaribisha, akamkatia kipande cha pai, na mgeni alipomuuliza kama Bwana Oldroyd yupo, akajibu kwa fahari, "Yupo nyuma. Huyo yupo hapa daima, tangu enzi za baba." Mgeni akala pai yote, akaandika jibu lote. Wiki iliyofuata Beryl aliitwa kwenye mahojiano chini ya onyo, yaani kila atakalosema laweza kutumika mahakamani. Wilfred alisomewa hayo akiwa ameshika ndoo ya mahindi, na ndoo ikamponyoka.

Tuseme wazi kilichokuwa hatarini. Beryl angepatikana na hatia, angefukuzwa jikoni pale shuleni, angedaiwa posho ya miaka yote ile, na angeweza hata kufungwa. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa hicho. Alikuwa anaogopa neno mwizi. Aliogopa Craig aitwe mtoto wa mwizi huko sekondari, na yeye mwenyewe aitwe hivyo kwenye foleni ya chakula anachokipakua.

Wilfred alitoa suluhisho lake uani, mbele yetu. "Nitawanyonga wote kesho, Beryl. Njiwa wakiisha na maneno yataisha."

"Gusa hata mmoja wa baba," Beryl akamwambia, "nitakunyonga wewe, halafu hao jamaa waje na kesi ya maana."

Beryl alikuwa amekwisha kuamua kwenda kwenye mahojiano peke yake. Alisema wakili ni wa watu wenye makosa, na kwamba ukimchukua wakili ni kama umeshakiri. Aliyemtoa kwenye mawazo hayo ni binti yake Janine, ambaye akili zake, kila mtu anajua, amerithi kwa mjomba wake. Janine hakubishana. Alimwambia mama yake wanakwenda mjini kununua viatu, akampandisha ngazi juu ya duka la mazulia, wakatokea katika kituo cha sheria ambako mtu asiye na uwezo anasaidiwa bure.

Ndani walimkuta wakili msichana, Shazia Lodhi wa Bradford, aliyeanza kazi mwaka huohuo. Yupo nasi leo, kakaa pale mbele, na ombi lake kwamba asitajwe tumelisikia na kulikataa. Beryl alimtazama, akamuuliza kama mkubwa wake yupo.

"Mkubwa wangu yuko likizo, Bi Beryl. Niambie uliwajibu nini."

"Niliwajibu ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba yupo pale daima."

Shazia aliweka kalamu mezani. "Sawa. Kuanzia leo ukweli wako upite kwangu kwanza. Mimi nitauliza daima ni saa ngapi hadi saa ngapi, maana wao hawakuuliza."

Alimweleza mambo ambayo Beryl aliyarudia kwa watu wengine miaka yote iliyofuata. Kwamba kuwa na wakili si kukiri, ni haki yake. Kwamba ofisi lazima iseme inamshuku kwa lipi kabla hajajibu. Kwamba aache kusimulia, ajibu lililoulizwa na afunge mdomo, na hapo Janine alicheka mpaka akatolewa nje. Wilfred naye alipouliza kama aache kuja, Shazia alikataa. Akiacha ghafla, wangesema amehama, na huwezi kuhama pahali ambapo hujawahi kuishi.

Kisha akaomba alione banda lenyewe. Alikuja Hexley alfajiri ya Jumamosi kwa viatu vyeupe, kosa ambalo hakulirudia, akasimama uani huku Wilfred akimfundisha mambo ya njiwa. Tangu hapo Beryl hakumuulizia tena mkubwa wake.

Siku ya mahojiano waliingia wawili, Beryl na wakili wake. Mkubwa wa wapelelezi alikuwa mpole. Alimwambia Beryl akikubali kosa tu, atakatwa adhabu kidogo kidogo kwenye posho yake, mambo yaishe leo, mahakama haitahusika. Karatasi ilikuwa tayari, na Beryl alikuwa amechoka. Alisema baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umeshaichukua kalamu.

Shazia alimwinamia. "Hiyo haikupeleki jela, Bi Beryl. Lakini inasema ulidanganya. Ulidanganya?"

"La."

"Basi rudisha kalamu ya watu."

Kwa hiyo Beryl alipelekwa mahakamani, tarehe 12 Mei 1999. Hexley ilijaa ukumbini. Mpelelezi aliyekula pai alieleza kwamba alimwona Bwana Oldroyd pale nyumbani kila asubuhi aliyokuwa zamu. Shazia akasimama, mdogo kuliko meza yake, akamuuliza alimwona akifanya nini.

"Akiingia kwa lango la nyuma."

"Na jioni?"

"Akitoka."

"Bwana, mtu anayeishi ndani ya nyumba, alfajiri anaingia akitoka wapi?"

Mpelelezi alipindua kurasa zake mbele na nyuma. Akasema hajui. Akaulizwa jioni mzee alikuwa akienda wapi, akasema hakumfuata, zamu yake ilikuwa imekwisha.

Wakili wa ofisi hakukata tamaa. Alimgeukia Wilfred, shahidi wetu, akamuuliza ni mwanamume gani huja kwa mwanamke kila siku ya Mungu, mvua na theluji, kwa ajili ya ndege. Kama ni ndege tu, kwa nini asiwahamishie kwake?

Wilfred alimhurumia. "Bwana mdogo, njiwa wa mashindano akishazoea banda, amezoea. Mpeleke Ufaransa, mfungue, anarudi palepale. Ningewabeba mpaka kwangu, ningewafungulia, wangekuwa kwa Beryl kabla sijavua viatu. Mimi siwaamulii wakae wapi. Mimi nawafuata."

Mahakimu walitoka, wakarudi upesi. Beryl hana hatia. Posho iliyokuwa imesimamishwa tangu kesi ianze irudishwe. Watu walishangilia, na mdogo wake alipiga mluzi ambao ulimfanya atolewe ukumbini, akatoka kifua mbele. Beryl hakusikia lolote kati ya hayo. Alimshika Shazia mkono wa koti, akamuuliza polepole, "Kwa hiyo mimi si mwizi?"

"Hukuwa tangu mwanzo," Shazia akamjibu. "Leo imesemwa mbele ya watu."

Tangu hapo kila Alhamisi baada ya kazi, Beryl alipanda basi kwenda juu ya duka la mazulia. Sheria hakuijua na hakujifanya anaijua. Kazi yake ilikuwa kukaa na wale walioitwa, waliokuja wakisema hawana haja ya wakili maana hawana kosa. Alisafiri nao, akaketi nao kwenye viti vya korido, akawaambia nini cha kuvaa na wakati gani wa kunyamaza. Wengine waliposhindwa kesi zao, aliwatembelea vilevile. Alikuwa akisema alisaidiwa na mtu ambaye hakumdai kitu, kwa hiyo deni hilo hajui alilipe wapi isipokuwa kwa anayefuata.

Sasa tuje kwenye lile mnalolisubiri. Mwaka 2004 Craig alikuwa ametimiza miaka ishirini, posho ilikuwa imekwisha siku nyingi, talaka ya Bwana Battye ilikuwa imetoka zamani, na Wilfred, baada ya kuchelewa kuliko njiwa yeyote aliyewahi kumfuga, akamwomba Beryl waoane. Beryl alivaa koti, akaenda kwa Shazia kumuuliza kama akiolewa naye sasa hawatasema walianza zamani. Shazia alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia, "Olewa, mama." Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 2004 katika kanisa hilihili, na koti la Wilfred likaendelea kuning'inia kwenye ule msumari, sasa kihalali. Waliishi kwa furaha hadi Wilfred alipofariki tarehe 2 Februari 2013.

Mwanzoni mwa mwaka jana, 2021, mapafu ya Beryl yalianza kuchoka. Alilazwa Oktoba. Wauguzi walimtunza kama mama yao, na familia inawashukuru kwa moyo wote, hasa kwa uvumilivu, maana aliwapa maoni juu ya mchuzi wa hospitali kila siku. Katika siku zake za mwisho, mama anayesafisha wodi alikuwa akipiga deki huku analia. Alikuwa ameitwa na ofisi ya misaada kuhusu posho ya mama yake mgonjwa, na alikuwa ameamua kwenda mwenyewe akajieleze. Beryl alivua barakoa ya hewa, muuguzi akamkataza, akaivua tena. Alimtajia namba ya simu ya kituo kwa kichwa, akamfanya airudie, kisha akamwambia, "Usiende peke yako." Alipohakikisha ameelewa ndipo akakubali kurudishiwa barakoa. Hakuongea sana baada ya hapo. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2021, Janine na Craig wakiwa wamemshika mikono. Kwa hofu ya korona wakati ule, watu wachache tu walimsindikiza mwili wake ulipochomwa, na ndiyo maana tunayazika majivu yake leo, tarehe 14 Mei 2022, na kijiji kizima kikiwepo, kama alivyotaka.

Ameacha watoto wawili, Janine na Craig. Wajukuu watatu, Keeley, Brandon na Tamsin. Mdogo wake mmoja, Royston, ambaye sasa hana wa kumkatiza anapoongea na ameona si raha kama alivyodhani. Na njiwa wa banda lile, ambao Tamsin anawalisha. Ameacha pia watu waliojaa viti vya nyuma, ambao familia haiwajui majina. Yule mama wa wodini ni mmoja wao. Alikwenda na wakili, na kesi yake imefutwa. Kwenu nyote, na kwako Shazia binti Lodhi, ukoo wa Pickersgill, usio na kawaida ya kushukuru mtu, unashukuru.

Dada Beryl, pumzika. Hakuna ofisi itakayokuita tena, na ikikuita, hapa tumejaa wa kwenda nawe.